Walioshindwa Kuja Kilioni

Kilio cha Lubumbashi hakina mwaliko. Mtu akifa, turubai hufungwa mbele ya nyumba, viti vya plastiki hukodiwa, moto huwashwa uani, na kabla ya jua kuchwa kila aliyewahi kusalimiana na marehemu njiani amekwishafika. Sisi Waislamu huzika upesi, kwa hiyo wengi hutukuta tumesharudi kutoka makaburini. Hata hivyo wanakuja. Majirani Wakatoliki, Wamethodisti na Wakimbangu hukaa nasi chini ya turubai moja, wakila bukari na sombe tunayokula sisi. Asiyetokea hutajwa kuliko aliyetokea. Yaya alipofariki, mimi nilibaki kuwahesabu wasiotokea.

Hatukuzaliwa tumbo moja. Nilimwita yaya, yaani kaka mkubwa, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuosha maiti, na mtu akishakufundisha kazi hiyo huwezi tena kumwita jina. Alikuwa mmoja wa wale zaidi ya 10,000 walioondoka kampuni ya madini ya Gécamines katika mpango wa kupunguza wafanyakazi wa mwaka 2003, kisha akawa muuza makala katika komini ya Kenya (nchi ina jina lake, nasi tuna komini yetu). Magunia yalimfikia kwa baiskeli kutoka misitu ya miombo, naye akayafungua na kuuza kwa mafungu. Kucha zake zilikuwa nyeusi hata siku ya Idi. Akiitwa kuosha maiti alijisugua mikono kwa limao na jivu mpaka ngozi ikamwasha, akisema maiti hana wa kumshitakia mkono mchafu. Zamu yake ilipofika tulimwosha sisi aliotufundisha, tukatia karafuumaiti, tukamvika sanda. Weusi wa kucha haukutoka. Tukauacha, akazikwa nao.

Masufi wa kale waliita futuwa ule uungwana wa kiume ambao yeye hakuwahi kuusoma popote. Abu Abdulrahman al-Sulami wa Nishapur, aliyefariki mwaka 1021, aliuandikia kitabu kizima: usidai haki yako kwa ndugu yako, usimtazame aibu yake, ukitoa usahau kwamba umetoa. Baadaye Khalifa al-Nasir wa Baghdad aliufanya chama chenye ngazi na sherehe, mwanachama akavishwa suruali maalumu na kunyweshwa maji ya chumvi. Mimi sherehe hizo hazinivutii. Wanaume wakishaanza kuvishana alama, kazi ya mikono hupungua.

Kisa kinachonikera siku hizi, kwa namna ya kunikera ninayoishukuru, ni cha sahaba Kais bin Saad bin Ubada, kama kilivyosimuliwa na Sufi al-Qushayri. Kais aliugua, akashangaa ndugu zake hawaji kumtazama. Akaambiwa wanaona haya, maana wanadaiwa naye. Akasema mali iangamie ikiwa inazuia ndugu kutembeleana, akaamuru itangazwe kwamba kila anayedaiwa na Kais amesamehewa. Jioni ile kizingiti cha nyumba yake kilivunjika kwa wingi wa wageni.

Yaya hakupata jioni ya namna hiyo. Alianguka sokoni asubuhi, adhuhuri hakuwapo.

Kabla ya sala ya jeneza imamu aliuliza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu asimame, au aje kwa warithi. Ada hiyo ina asili. Mtume, swala na salamu ziwe juu yake, aliletewa jeneza la mtu mwenye deni, akawaambia masahaba wamsalie mwenzao. Hakusimama kumsalia mpaka Abu Qatada aliposema deni lile liko juu yake. Kwa yaya hakusimama mtu. Hakuwa na deni la mtu yeyote. Lakini hakuna imamu anayetangaza upande wa pili, yaani wale wanaodaiwa na maiti, na hao ndio waliobaki nyumbani. Mama wa kukaanga mandazi, fundi wa kuchomelea vyuma, mwalimu mmoja ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Nawajua kwa sura. Wote walikuwa wateja wake wa mkopo, na wote wakaona bora waonekane wakavu wa macho kuliko kukaa mbele ya mjane wakiwa wamemlia mumewe makala.

Mmoja alikuja kutoka mbali, kilio kimeshaondolewa. Alikuwa Mkasai, alipanda treni kutoka Mwene-Ditu, na anayeijua reli yetu anajua hiyo si safari ya kumtania mtu. Alitusimulia Likasi ya mwaka 1992, Wakasai walipotolewa majumbani mwao, wakalala stesheni na shuleni wakingoja mabehewa ya kuwarudisha katika mikoa ambayo wengine hawakuwahi kuiona. Yaya alikuwa kijana, mtu wa Maniema, hakuwa upande wowote wa ugomvi ule, na kutokuwa upande siku zile hakukumkinga mtu. Alikuwa akipeleka maji stesheni kwa ndoo, usiku. Tulisoma naye uradi kila Alhamisi miaka yote ile, hakulitaja jambo hilo. Huyu aliyepewa maji alikuja bila shida yoyote usoni, akalia kwa sauti, akala, akalala kwetu. Anayedaiwa mafungu manne ya makala, mtaa wa pili, alikuwa bado hawezi kuvuka barabara. Sikuwahi kufikiri kwamba fadhila kubwa ni nyepesi kuibeba kuliko ndogo.

Kuna kisa kingine cha kutoa. Msafiri Ibn Batuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa kutoa. Fakiri wa Kiyemeni alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akabadili, akampa. (Zawadi zilizofuata kwa fakiri huyo zilikuwa pembe za ndovu na watumwa, na sisi wa upande huu wa Ziwa Tanganyika, ambao babu zetu walikuwa upande wa kuhesabiwa vichwa, hatuwezi kuusoma ukarimu ule bila kusita.) Sultani akafa, akatawala ndugu yake Daudi. Fakiri akija, Daudi humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutolewa. Msafiri alimwona bahili, nami nilimwona hivyo miaka mingi. Sasa naona Daudi alisema kweli chungu. Kutoa hakurithiwi pamoja na kiti. Kilwa ilikuwa na mtu mmoja mkarimu, basi ukarimu ukazikwa naye.

Baada ya hapo msafiri huyohuyo alifika Antalya, akaalikwa chakula na fundi viatu mwenye nguo kuukuu. Alidhani masikini huyu hawezi kulisha msafara. Kumbe ni mkuu wa kundi la mafundi wapatao 200, ambao hufanya kazi mchana na kila alasiri huleta walichopata, kikanunuliwa chakula cha wageni. Fundi yule angekufa usiku ule, kesho yake wageni wangekula. Sisi Lubumbashi tulikuwa na Kilwa, tukidhani tuna Antalya. Tulimpenda yaya, tukamwachia.

Daftari lake liko kwa mjane. Ni la shule, lina mistari, na mbele ya baadhi ya majina amechora duara dogo. Hakuna anayejua maana yake: wamesamehewa, au wakumbushwe. Mmoja wetu alitaka tutangaze msamaha kama wa Kais. Mwanawe mkubwa, anayesoma chuo kikuu, alisema kwa adabu kwamba mali ya Kais ilikuwa ya Kais, hii ni ya warithi, na wadogo zake wanahitaji ada. Ana haki, sheria iko upande wake. Basi tukaanza kupitisha bakuli baada ya alasiri kila Ijumaa, kulilipa daftari sisi wenyewe jina baada ya jina, kwanza wenye duara, tukafuata na wengine. Limefika nusu. Bei ya makala inapanda, mifuko yetu mnaijua.

Juzi tulikwenda kwa mama wa mandazi kumwambia deni lake limekwisha. Akauliza nani amelipa. Tukasema ndugu. Ndugu gani? Tukanyamaza, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa. Akasema basi bado anadaiwa, tofauti ni kwamba sasa hamjui anayemdai, na yaya angalau alikuwa akimjua na kucheka naye. Hatukuwa na jibu. Alipomaliza kuepua mandazi akatuagiza tumwambie mjane kwamba Jumapili atakuja kilioni na unga. Mwenzangu akamwambia kilio kilikwisha zamani, mama. Akasema chake bado hakijaanza.