Chokaa ya Mbarara

Mjomba alikataa katakata kupanda gari kabla ukuta haujapimwa. Mimi nilikuwa nimeshaoga, nimefunga pesa kwenye ncha ya kitenge, na moyo wangu ulikwisha kutangulia mjini Mbarara. "Ukifika dukani bila hesabu," aliniambia, "mwenye duka ndiye atakayekuhesabia." Akatoa kamba aliyoipiga fundo kila mita, akanipa kalamu.

Chumba chetu cha mbele kina mita 4 kwa 3, na kimo cha kuta ni mita 2.4. Jumla ya pande nne ni mita 14. Ukizidisha kwa kimo unapata karibu mita za mraba 34. Ukitoa mlango na dirisha, zinabaki 31. Lita moja ya rangi ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, na hapo ukuta uwe na plasta laini. Mikono miwili basi ni lita 6 na kidogo. Nilipoiona hesabu hiyo ndipo nilipoelewa kwa nini jirani yetu, aliyenunua ndoo nzima ya lita 20 kwa chumba cha ukubwa huohuo, bado anayo chini ya kitanda imeganda.

Lakini ukuta wetu hauna plasta laini. Ni matofali mabichi yaliyokandikwa kwa udongo, na udongo hunywa. Mjomba alikuwa fundi rangi Goma, ambako nyumba nyingi ni za mbao, na mbao alizipaka rangi ya mafuta miaka yote. Hapa Nakivale, kambini Uganda, alianza upya kujifunza kazi aliyoijua, kwa sababu ukuta wa udongo una mwili mwingine kabisa.

Wapo wanaouliza kwa nini mtu ahangaike na rangi kambini. Makazi haya yalianza mwaka 1958, yakatangazwa rasmi 1960, kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia nchi yao. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe kabisa barani Afrika. Kuna watu waliozaliwa hapa na sasa wana wajukuu. Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, kila kundi limejenga kwa mkono wake. Mtu hawezi kuishi nusu ya umri wake akiutazama ukuta unaomwaga vumbi kwenye sahani ya mtoto, ati kwa kuwa siku moja ataondoka. Ukuta uliopakwa hauachii vumbi ovyo, unaongeza mwanga katika chumba chenye dirisha moja, na wadudu huonekana mapema. Kwangu mimi hiyo si anasa. Tatizo ni pesa, na pesa imekaza zaidi tangu mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (PAM) lilipoanza kuwapanga watu kwa makundi ya uhitaji na familia nyingi zikapunguziwa msaada. Kumlipa fundi na kununua ndoo za rangi kwa wakati mmoja ni jambo ambalo wengi wetu hatuliwezi. Kilichobaki ni kufanya wenyewe, kwa akili.

Tulipanda taksi asubuhi pale Base Camp ya Nakivale, mimi nikibanwa kati ya Mjomba na mama mmoja aliyepakata kuku. Mbarara niliwahi kuipita nikiwa mtoto, usiku, ndani ya basi lililotuleta kutoka kituo cha Nyakabande kule Kisoro, kwa hiyo nasema kwa haki kwamba hii ndiyo ilikuwa safari yangu ya kwanza. Vumbi lilitusindikiza hadi tulipoikuta lami ya barabara ya Kikagati, upande wa Isingiro. Kuanzia hapo ni milima na migomba, migomba na milima, na malori yanayopakia matoke kando ya njia.

Sikutazama migomba sana. Nilitazama kuta. Nyumba nyingi zilikuwa na mkanda mweusi au wa rangi ya kahawia chini, kiasi cha goti la mtu mzima. Mjomba alinieleza: mvua ikipiga ardhi nyekundu hurusha matope ukutani, na ukuta mweupe hadi chini huchafuka katika msimu mmoja. Mwenye mkanda hapaki upya kila mwaka. Maduka ya barabarani yalikuwa ya njano ya MTN au nyekundu ya Airtel kutoka msingi hadi paa. Kampuni za simu huwapakia wenye maduka bila malipo ili kuta zitangaze biashara yao. Mama mwenye kuku akasema hiyo ndiyo rangi ya bei rahisi kuliko zote. "Hapana, mama," Mjomba akamjibu kwa upole, "umeilipia kwa kuuazima uso wa nyumba yako." Mama akafikiri, akasema angeuazima hata leo. Nami siwezi kumlaumu.

Mbarara ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na mtu atokaye Nakivale huihisi hadhi hiyo masikioni kwanza: bodaboda, honi, majenereta, wachuuzi wakiita kwa Kinyankole. Nilitaka kusimama mbele ya sanamu ya ng'ombe wa Ankole mwenye pembe zile ndefu, nikasimama. Nilitaka pia kuuona mto Rwizi, kwa kuwa maji yake hushuka kuelekea maziwa ya upande wetu, Mburo na Nakivale, kabla ya kufika Ziwa Victoria. Baada ya hapo tukaingia kazini.

Duka la kwanza, kijana alitupokea kwa heshima. "Agandi, mzee," akamwamkia Mjomba, kisha akageukia Kiswahili. Alitutolea kopo la rangi ya mafuta inayong'aa, akisifu kwamba huoshwa kwa sabuni. Mjomba akalishika, akaligeuza kusoma maandishi, akalirudisha. Rangi ya mafuta hufunga ukuta kama mfuniko. Udongo huvuta unyevu kutoka ardhini, na unyevu ule ukikosa pa kutokea husukuma rangi mpaka ikavimba na kubanduka, ikaondoka na ngozi ya ukuta. Pesa imepotea, na ukuta nao umeharibika. Jambo la pili alilolitafuta kwenye maandishi ni kama kopo linasema wazi kwamba halina risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaobandua rangi ukutani na kuitia mdomoni. Rangi isiyo na maelezo, hata iwe rahisi namna gani, Mjomba haiingizi ndani.

Tulichokifuata kilikuwa katika duka la tatu, nyuma kabisa, chini ya mabomba: chokaa ya mfuko. Bei ya ndoo moja ya lita 20 ya rangi nzuri ingetununulia mifuko kadhaa. Mwenye duka, mama mtu mzima, alituuliza kama ni ya zizi la mifugo. Mjomba akamwambia ni ya sebuleni, mama, na yule mama akacheka kwa furaha, akasema nyumba ya wazazi wake ilipakwa hivyohivyo. Miji ya pwani, Lamu na Zanzibar, iliishi karne nyingi ndani ya chokaa iliyochomwa kutoka matumbawe, na misikiti yake haikuhitaji kitu kingine ili ing'ae. Sisi tunaidharau kwa sababu ni rahisi.

Kwa mlango na dirisha, ambavyo ni mbao, tulihitaji rangi ya mafuta kidogo tu. Mjomba aliuliza kama kuna kopo lililokosewa kuchanganywa. Mteja akiagiza rangi fulani na mashine ikatoa nyingine, kopo hubaki dukani bila mwenyewe. Lilikuwepo, kijani cha majani makavu, limeandikwa wazi kuwa halina risasi. Likapunguzwa bei bila ugomvi. Brashi tulinunua moja, ya bei ya juu, kwa sababu ya bei rahisi huacha nywele ukutani na kufa baada ya chumba kimoja.

Nyumbani tuliloweka chokaa usiku kucha, tukaichuja kwa kitambaa kuukuu mpaka ikawa nyepesi kama maziwa, tukatia chumvi ili isikauke haraka na kubaki unga. Mikono tuliifunika na macho tuliyalinda, maana chokaa huunguza. Ukuta ulifagiliwa, nyufa zikazibwa kwa udongo uleule, kisha ukanyunyiziwa maji. Mkono wa kwanza ulinitia hofu: haukuonekana kitu ila maji machafu. Mjomba akasema nisubiri. Chokaa hukauka ikivuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe, na weupe wake huja polepole. Tulipaka mikono minne myembamba. Ukipaka mmoja mzito hupasuka. Mkanda wa chini tuliutengeneza kwa majivu na udongo mwekundu wa hapahapa, bila shilingi hata moja.

Jirani yetu Mnyarwanda alikuja kuona. Kwao, upande wa Kibungo, wanawake huchora imigongo ukutani kwa samadi ya ng'ombe na majivu, kisha huipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu kutoka kwenye udongo na mimea. Alisema ukuta wetu ni mzuri lakini uko kimya, na kwamba kona ya mlangoni ataichora yeye tukimwachia chokaa iliyobaki. Tulimwachia. Sasa nyumba nne za mtaa wetu zimekubaliana kuchanga mfuko mmoja na nauli ya mtu mmoja. Brashi yetu itazunguka kwa masharti kwamba irudi imeoshwa. Kamba ya Mjomba tayari imepita kwenye kuta zote nne, hesabu iko kwenye daftari langu, na atakayetumwa Mbarara safari hii ni mimi peke yangu.