Mbegu za Fahali Mezani

Mbegu za fahali hufika maabara zikiwa zimegandishwa ndani ya mrija mwembamba wa plastiki wa mililita 0.25 au 0.5, uliozamishwa katika naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Ni mrija uleule anaotembea nao mhimilishaji vijijini. Yeye huziweka mbegu katika mji wa mimba, na mwili wa ng'ombe humalizia kazi. Maabara, kazi hiyo humwangukia mtu. Ndiyo iliyomlea mwandishi wa makala haya tangu ujana.

Mrija huyeyushwa katika maji ya nyuzi 37 kwa nusu dakika hivi, kisha hupanguswa ukauke kabisa kabla ya kukatwa, kwani tone la maji likipenya huziharibu mbegu. Kinachotoka ni mbegu hai na mfu pamoja, zikiwa katika maziwa au kiini cha yai na gliseroli, kinga iliyogunduliwa na Polge na wenzake Uingereza mwaka 1949. Vyote hivyo, ila mbegu hai, sasa ni vya kuondolewa.

Njia mojawapo ni kuziacha mbegu ziogelee zenyewe hadi kwenye kimiminika safi cha juu. Hutoka safi, lakini chache. Kwa fahali wa bei ghali mwandishi hupendelea Percoll, kimiminika kizito cha kutenganishia mbegu, kwa matabaka mawili: asilimia 90 chini, 45 juu. Tabaka la pili hulazwa taratibu, ncha ya pipeti ikigusa ukuta wa chupa, mpaka mstari mwembamba uonekane katikati. Likitibuka, ni kuanza upya. Mashine ikizungusha, mbegu nzima hupenya hadi chini. Mfu na maziwa hukwama juu.

Hata hapo haziwezi kurutubisha yai. Mwaka 1951 Chang na Austin, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba mbegu hupata uwezo huo baada ya kukaa katika njia ya uzazi ya jike. Ndama wa kwanza wa maabara, Virgil, alizaliwa Pennsylvania mwaka 1981, lakini njia ya kutegemewa ilikuja baadaye katika muongo huo, Parrish na wenzake wa Wisconsin walipotumia heparini kuzipa mbegu uwezo huo nje ya mwili. Heparini hushika protini za shahawa zilizoufunika utando wa mbegu, na kalisi huingia. Glukosi huizuia heparini kufanya kazi hiyo, ndiyo maana kwa kawaida huachwa nje ya kimiminika cha kurutubishia.

Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 10 kwa mililita, lakini fahali hawafanani hata kidogo. Yupo anayesifika mashambani ambaye mbegu zake huzubaa maabara. Yupo ambaye kipimo hichohicho hufanya mbegu mbili ziingie yai moja, na kiinitete kikaharibika. Kwa hiyo kila fahali mgeni hujaribiwa kwanza kwa mayai ya ovari za machinjioni, kwa vipimo kadhaa vya heparini, na majibu yake huandikwa daftarini. Mwandishi huliheshimu daftari hilo kuliko kitabu chochote cha maelekezo.

Mwisho mbegu huhesabiwa chini ya hadubini na kuwekwa pamoja na mayai, kwa kawaida milioni 1 kwa mililita, katika nyuzi 38.5 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Baada ya saa 18 hivi mayai huoshwa, seli zilizoyazunguka huondolewa, nayo huhamishiwa kwenye kimiminika cha kukuzia viinitete.