Gari la deraya lenye tumbo la mashua

Leo naziweka programu kando kidogo tuzungumze magari. Msiwe na wasiwasi, tutazirudia hapa chini.

Ukienda Kau kwa barabara kutoka Garsen, unapita Gamba na Nyongoro hadi Witu, ndipo ukate kuelekea Kipini. Njia hiyo ina makovu. Julai 2014 kituo cha polisi cha Gamba kilivamiwa. Januari 2020 basi lilishambuliwa Nyongoro, watu wakauawa. Jirani tu, kaunti ya Lamu, magari ya polisi na ya jeshi yamelipuliwa na mabomu yaliyotegwa njiani. Ndiyo maana nikiona gari la deraya, kwanza nainama nitazame tumbo lake.

Tumbo likiwa bapa, mlipuko wa chini hulipiga lote kwa mkupuo. Likichongoka kama mkuku wa mashua, nguvu nyingi hutawanyika kando. Jambo hilo lilifanyiwa kazi sana Rhodesia miaka ya 1970, katika vita vya serikali ya walowezi. Gari lao jepesi, Leopard, lilitumia injini ya Volkswagen. Magurudumu yaliwekwa mbali na abiria: bomu likilipuka, gurudumu ling'oke, mtu abaki. Afrika Kusini ikaja na Buffel na Casspir. Marekani ilianza kuyanunua magari ya aina hii kwa wingi 2007, baada ya kupoteza askari wengi Iraki. Yalipoonekana mazito mno kwa milima ya Afghanistan, 2009 ikaagiza M-ATV, jepesi zaidi.

Mimi mwandishi wa programu nalipenda wazo hili. Mhandisi hakuahidi kwamba bomu halitalipuka. Alikubali litalipuka, kisha akachagua kipi kife na kipi kipone. Seva nazo hujengwa hivyo: mashine moja ikizimika, data za watu zibaki salama.

Lakini kila kitu kina bei. Gari la namna hii hukaa juu, hivyo hupinduka kwa urahisi. Ukiongeza chuma, uzito unapanda. Hızır la Uturuki, ambalo Kenya iliagiza 118 mwaka 2021, lina uzito wa tani 16 hivi na hubeba watu 9. Waliokanyaga udongo mweusi wa delta ya Tana baada ya mvua wanajua tani 16 ni nini.

Na hesabu haiishii hapo. Deraya humlinda aliye ndani yake. Mama wa Kau anayesafiri na mchele na maembe yake yumo kwenye basi, nalo tumbo lake ni bapa. Kinachomfaa yeye ni lami, iliyoanza kuwekwa kati ya Garsen na Lamu mwaka 2017, kwa sababu kuchimba lami na kuificha alama si rahisi kama kufukua mchanga. Kwa hiyo nikiulizwa kipi kinakinga watu wengi zaidi kwenye njia ile, nitaanza na barabara yenyewe.