Hatua Thelathini

Ilikuwa asubuhi ya Novemba, katikati ya msimu wa korosho. Mimi na mjukuu wangu wa miaka minane tulikuwa tunaokota korosho shambani kwetu Naipingo, kila mmoja na ndoo yake. Mtoto alikuwa mbele yangu kidogo, anaimba wimbo aliofundishwa shule ya Jumapili. Nikainama kuokota bibo, nikasikia majani makavu yanachakarika. Nilipoinua macho, koboko alikuwa amenyanyua kichwa karibu na kichuguu, kati yangu na mtoto.

Wapendwa, sitawaficha. Nilikimbia. Sikuliita jina la Yesu, wala sikuliita jina la mtoto. Nilitupa ndoo, kandambili moja ikabaki nyuma, nikakimbia kama hatua thelathini ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa peke yangu.

Niligeuka. Mtoto alikuwa amesimama palepale, ameganda, wimbo umekatika. Nikaanza kurudi, magoti yanagongana, mdomo mkavu, moyo unapiga hadi masikioni. Kabla sijafika, koboko alishusha kichwa, akapita pembeni ya mtoto, akaingia kwenye kichuguu. Nikambeba mjukuu wangu hadi chini ya mkorosho wa mbali. Nilitetemeka kuliko yeye, kisha nikatapika.

Nyumbani nilisimulia habari ya nyoka, nikaruka habari ya kukimbia. Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu yangu kusoma somo, nami ni mzee wa kanisa. Nikamwambia Mchungaji kwamba koo linaniuma. Jumapili ya pili nikasema hivyo hivyo. Ndani yangu kulikuwa na sauti: ungekuwa na imani, usingemwacha mtoto.

Usingizi uliponipotea nilikwenda zahanati, nikamweleza daktari yote. Akaniambia kwamba juu ya figo zetu kuna tezi mbili ndogo. Jicho likiona hatari, ubongo hupiga kengele kabla hata hujajua vizuri umeona nini. Tezi zile humwaga adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi huwa za haraka, ini hutoa sukari, na damu hupungua tumboni ili iende kwenye misuli. Ndiyo maana mdomo hukauka na tumbo huchafuka. Mmoja hukimbia, mwingine hupigana, mwingine huganda kama mjukuu wangu.

"Mzee," akasema, "zile hatua za kwanza hukuzichagua. Hofu ikikujia tena, vuta pumzi taratibu, uitoe taratibu zaidi. Na jambo hili usilibebe peke yako. Kengele isipozimwa, usingizi hupotea na presha hupanda."

Nilirudi nyumbani nikiwaza. Watafiti walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kati ya mwaka 1990 na 2004, na Lindi ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Katika nchi kama hii, mtu asiyeshtuka majani yakichakarika hafiki mbali. Aliyetuumba alijua tutaishi wapi.

Jioni ile nikafungua 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka kutoka mbinguni, lakini aliposikia kitisho cha Yezebeli alikimbia hadi jangwani, akaomba afe. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Mungu alianza na mwili wa mtumishi wake, kisha ndipo akazungumza naye, akamrudisha kazini. Nikakumbuka pia Gethsemane. Wanafunzi wote walikimbia, na Bwana alipofufuka aliwaita ndugu zake. Hata yeye mwenyewe usiku ule jasho lilimtoka kama matone ya damu, wala hakuwa na dhambi.

Basi nikaelewa mahali nilipokosea. Kutetemeka hakukuwa kosa. Zile hatua thelathini zilikuwa za mwili. Kosa langu lilikuwa kule kuzificha, maana kwa kuzificha nilimwacha mtoto mara ya pili, safari hii kwa makusudi.

Nikamwita, tukakaa kwenye mkeka. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, siku ile babu yako alikukimbia. Nisamehe."

Akaniangalia. "Babu, hata mimi nilitaka kukimbia, miguu ikakataa." Akanyamaza kidogo, kisha akacheka. "Nilikuona unarudi na kandambili moja."

Jumapili iliyofuata nilisoma somo. Sauti ilitetemeka, nikaiacha itetemeke.

Mpendwa, huenda nawe kuna siku mwili wako ulikutangulia: ajalini, msibani, au usiku ule simu ilipolia. Ulikimbia, au uliganda, au ulipiga kelele, na tangu siku hiyo unajihukumu. Mungu anaujua mwili huu, maana aliufanya yeye. Kula, lala, mweleze mtu unayemwamini. Kisha, kama kuna mtu uliyemwacha nyuma, geuka urudi kwake, hata kama magoti bado yanagongana.