Jioni Moja Whitechapel
Tulipokwisha kusali Magharibi katika msikiti wa Whitechapel Road, London, tulikuta kundi la watalii wakimfuata kiongozi, nasi tukaandamana nao. Walikuwa wamelipa ili wasikie habari za muuaji wa mwaka 1888, asiyejulikana hata leo. Katika Durward Street, zamani Buck's Row, kiongozi akasimulia majeraha ya Mary Ann Nichols, aliyeuawa hapo tarehe 31 Agosti. Baadhi yao wakacheka. Hakusema kwamba usiku ule maskini huyu alifukuzwa nyumba ya kulala kwa kukosa peni 4 za kitanda. Ndugu wasomaji, dhalimu amepewa lakabu na umaarufu, naye aliyedhulumiwa amegeuzwa mchezo. Tulirudi tukijiuliza: mtaani kwetu, ni nani alalaye nje usiku huu kwa kukosa peni 4?