Kitabu Chini ya Godoro



Wapendwa waamini, baba mmoja wa hapa Kwa Mathias, ambaye ameniruhusu nisimulie haya, alinijia na kitabu alichokikuta chini ya godoro la bintiye: *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi. Alitaka nikikemee Jumapili.

Niliona haya. Seminarini nami nilikisoma kwa kificho, kwa tochi. Kezilahabi mwenyewe, mzaliwa wa Ukerewe (1944–2020), alisoma seminari ya Nyegezi, na jina la kitabu hicho linatoka katika Litania ya Bikira Maria. Kilipotoka mwaka 1971, kilipigwa marufuku shuleni kwa muda.

Ni kweli, Rosa anaanguka. Lakini nilimwomba mzee asome kurasa za mwanzo: Zakaria, baba mlevi, anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Hofu ile haikumlinda Rosa.

Ukerewe hiyohiyo ilimzaa Aniceti Kitereza, aliyesimulia habari za Myombekere na Bugonoka, mume na mke waliokosa mtoto kwa muda mrefu lakini hawakukosa kupendana. Waandishi wawili wa kisiwa kimoja: mmoja aonyesha nyumba yenye upole, mwingine nyumba iliyoukosa.

Mzee alisoma, akafunga kitabu. “Padre, jana nilimchapa.”

Sikuwa na hotuba. Nilimwambia arudi nyumbani, amrudishie binti kitabu kwa mkono wake mwenyewe, na amwombe radhi.

Wazazi wapendwa, kabla hatujauliza watoto wanasoma nini, tujiulize kwa nini wanatuficha.