Safari ya Iringa na Swali la Maji



Wakaao Mbeya waijua baridi ya mwezi wa Juni. Alfajiri moja watoto wa madrasa walipokuwa wakitia udhu, mmoja aliniuliza: "Maalim, mbona maji ya kisima sasa ni vuguvugu, na adhuhuri huwa baridi?" Nikamjibu, "Tia udhu, usitupotezee wakati." Wenzake wakamcheka. Tangu siku hiyo hakuniuliza tena neno, la maji wala la dini. Nami nikadhani kunyamaza kwake ni adabu.

Mwezi uliofuata nilikwenda Iringa kumjulia hali mpwa wangu, asomaye ualimu katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa. Basi liliteremka hadi bonde la Usangu penye mashamba ya mpunga, likapanda Makambako, na karibu na Mafinga tukapita misitu mikubwa ya misonobari. Ipogolo tukaiacha barabara kuu, tukapanda kilima kuuingia mji.

Jioni mpwa wangu alinitembeza chuoni, akaniambia: "Mjomba, zamani hapa palikuwa shule ya sekondari, na hapa alisoma Erasto Mpemba." Kisha akanisimulia habari zake.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanga. Siku moja wakitengeneza aiskrimu, alihofu kukosa nafasi katika jokofu, akatia maziwa yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenziwe yasiyochemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa akauliza tena. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu, na wenzake wakayafanya maneno hayo kuwa mzaha.

Kijana hakukata tamaa. Alasiri moja alikuta maabara i wazi, akatia maji ya bomba katika chombo kimoja na ya moto katika cha pili, akaviweka vyote jokofuni. Baada ya saa moja hivi, barafu ilikuwa nyingi zaidi katika kile cha maji ya moto.

Kisha akaja mgeni, Dokta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akauliza swali lake mbele ya wote, nao wakacheka. Mgeni naye alidhani kijana amekosea, lakini aliahidi kujaribu. Akajaribu, akaona kama alivyoambiwa. Mwaka 1969 wawili hao waliandika habari hiyo katika jarida la Uingereza, na hata leo jambo hilo huitwa kwa jina la Mpemba. Wataalamu wangali wakibishana juu ya sababu yake, na wengine wasema ikipimwa kwa uangalifu halitokei. Basi swali la mtoto limewashughulisha wakubwa zaidi ya miaka 50!

Usiku ule sikupata usingizi upesi. Nilimkumbuka Nabii Ibrahim, alayhi salaam, aliyemwomba Mola wake amwonyeshe jinsi afufuavyo wafu. Hakukemewa, aliamrishwa kutwaa ndege wanne, akaonyeshwa. Mimi ni nani, basi, hata nimkemee mtoto kwa swali la maji?

Niliporudi Mbeya nilimwomba radhi mtoto yule mbele ya wenzake. Tukaazima kipimajoto, nao wakapima wenyewe alfajiri na adhuhuri kwa muda wa juma zima. Maji ya kisima yalikuwa karibu yale yale. Hewa ndiyo iliyobadilika, na mikono yetu ndiyo iliyotudanganya. Siku ya mwisho mtoto akainua mkono: "Maalim, mbona jua halikifikii kisima?" Nikasema, "Sijui vyema. Tutazame pamoja."

Enyi wazazi na walimu, kusema "sijui" hakumvunjii mtu heshima. Mtoto anyamazishwaye leo juu ya maji, kesho hatatuuliza juu ya Sala. Mwenyezi Mungu atusamehe tuliowanyamazisha, na atuzidishie ilimu yenye manufaa. Amin.